Minyororo ya piridili na shaba juu ya Au(111) inakomea nanomita 15: kosa liko kwenye kiasi cha shaba au kwenye joto?

UsoSafi (muulizaji)

Wakuu, naleta mfumo mmoja ambao matokeo yake yanaonekana vizuri lakini sababu yake bado inabishaniwa.

Ligandi (molekuli inayoshika metali) ni 1,4-di(4-piridili)benzini: pete tatu zilizonyooka kama fimbo, naitrojeni moja kila upande. Uso ni fuwele ya dhahabu iliyokatwa kwenye sura ya (111), yaani Au(111), inayosafishwa kwa mizunguko mitatu ya kupigwa na ioni za agoni (1 keV, dakika 15 kila mzunguko) na kupashwa hadi 720 K kwa dakika 10, mpaka STM (hadubini ya sindano inayosoma mkondo wa elektroni kutoka kwenye uso) ionyeshe muundo wa mfupa wa samaki (mistari ya zigizaga ya uso wa dhahabu) bila madoa. Ombwe ni 2×10⁻¹⁰ milibari. Shaba inatangulia, 0.02 ya tabaka (tabaka zima ni unene wa atomu moja juu ya uso wote), uso ukiwa kwenye joto la chumba. Kisha ligandi inavukizwa kutoka kwenye kitanuru mpaka ifunike kama 30% ya uso. Baada ya hapo sampuli inapashwa hadi 370 K kwa dakika 5 na kuingizwa moja kwa moja kwenye hadubini iliyo 77 K.

Kinachoonekana: minyororo imenyooka, umbali wa kujirudia ni takriban nm 1.5, na wastani wa urefu ni ligandi 10, yaani nm 15 hivi. Ligandi za peke yake ni chache. Katika kila fremu ya nm 100 × 100 kuna kama visiwa vitatu vya shaba vyenye unene wa tabaka moja na upana wa nm 5, vingi vikiegemea kingo za ngazi (pale uso unaposhuka kwa kimo cha atomu moja). Kwenye maungio ya ligandi kwa ligandi hakuna nukta yoyote angavu, panaonekana pamefifia tu.

Maswali ni haya. Kama nukta haionekani, ni kwa ushahidi gani tutasema shaba ipo pale? Kwa nini minyororo haizidi nm 15 ilhali shaba iliyowekwa inatosha kwa hesabu? Je, kubadili shaba kwa chuma kungeongeza urefu? Na kuna faida yoyote kuhamia ligandi zenye bromini juu ya Cu(111) (fuwele ya shaba), zile zinazotoa kaboni–shaba–kaboni?

---

Kipimo_Pikomita

Mkuu, nianze na ushahidi wa shaba, maana bila huo mengine yote yanaelea.

Kutoonekana kwa atomu ya shaba kati ya piridili mbili ni jambo la kawaida kwenye STM. Hadubini hiyo haipigi picha ya kimo cha atomu peke yake. Inapima wingi wa hali za elektroni karibu na nishati ya Fermi, kwenye volti uliyochagua. Shaba iliyoshikwa na naitrojeni mbili mara nyingi haina hali zinazojitokeza kwenye volti za kawaida, kwa hiyo ungio linafifia. Usiitafute kwa macho, itafute kwa rula.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ndani ya pete ya piridini, kutoka naitrojeni hadi kaboni iliyo mkabala nayo ni nm 0.28. Benzini ya katikati, kaboni hadi kaboni ya mkabala, nayo ni nm 0.28. Vifungo viwili vinavyounganisha pete ni nm 0.149 kila kimoja. Jumla, naitrojeni hadi naitrojeni ni nm 1.14. Kifungo cha naitrojeni na shaba kina urefu wa nm 0.19 hadi 0.20, na viko viwili. Ukijumlisha unapata nm 1.52 hadi 1.54. Kipimo chako cha nm 1.5 kinaangukia hapo hapo.

Sasa fikiria kwamba shaba haipo. Naitrojeni mbili zikitazamana bila kitu katikati zinasukumana, kwa sababu kila moja imebeba jozi ya elektroni inayoelekea mbele. Ndiyo maana ligandi za aina hii zisipokuwa na metali hukwepana: naitrojeni ya moja hutafuta haidrojeni ya ubavuni mwa jirani, na unapata mpangilio wa kupishana au wa pembe. Mnyororo ulionyooka kabisa, naitrojeni ikitazama naitrojeni, na pengo la karibu nm 0.4 kati yao, unadai kuwe na kitu chenye chaji chanya katikati.

Ila usitegemee kipimo cha picha moja. Kama hadubini imesawazishwa kwenye joto la chumba, ile namba haifai kwenye 77 K, kwa sababu piezo hupungua mwendo sana ikipoa. Sawazisha kwenye joto lilelile unalopigia picha: mistari ya mfupa wa samaki inajirudia kila nm 6.3 na ngazi ya Au(111) ina kimo cha nm 0.235, kwa hiyo unazo rula mbili bila gharama. Pima mnyororo wenye maungio 10 au zaidi, ugawanye. Piga fremu ileile kwenda juu na kurudi chini, uchukue wastani, ili kuhama kwa sampuli kufutane. Kwa njia hiyo kosa linashuka chini ya nm 0.03, na hapo nm 1.54 haichanganyiki tena na mpangilio mwingine wowote wa ligandi hii.

XPS (kupima nishati ya elektroni zinazong'olewa na miale ya X) inasaidia kwa naitrojeni, si kwa shaba. Kilele cha N 1s (elektroni za ndani za naitrojeni) cha piridili iliyoshika metali husogea kuelekea nishati kubwa zaidi kikilinganishwa na cha piridili huru, kwa hiyo piga kabla na baada ya kuweka shaba. Kilele cha Cu 2p karibu na 932.6 eV kitakuambia kwamba shaba ipo kwenye sampuli, lakini hakitenganishi shaba iliyo kwenye maungio na ile iliyolala kwenye visiwa. Na kwenye sampuli yako visiwa vipo.

Kama hadubini ina AFM (inayosoma nguvu kati ya sindano na atomu) isiyogusa yenye molekuli ya CO kwenye sindano, hiyo ndiyo hakimu mzuri kuliko wote, maana utaziona pete tatu na mwelekeo wa naitrojeni waziwazi. Lakini hiyo inataka 5 K. Kwenye 77 K usihangaike nayo.

---

Tabaka_Sifuri

Nachukua swali la urefu. Kabla ya kugusa joto, tuhesabu atomu, kwa sababu namba zote zimo ndani ya swali lenyewe.

Au(111) ina atomu 13.9 kwa kila nm². Fremu ya nm 100 × 100 ina atomu 139,000. Tabaka 0.02 ya shaba ni atomu 2,780.

Ligandi moja ndani ya mnyororo inachukua nm 1.54 kwa urefu na, kama minyororo jirani imeachana nm 0.9, eneo la nm² 1.4. Asilimia 30 ya fremu ni nm² 3,000, kwa hiyo kuna ligandi kama 2,140. Kila ligandi inadai atomu moja ya shaba. Kwa hiyo hitaji ni atomu 2,140, sawa na 0.0154 ya tabaka. Kwenye karatasi una ziada.

Sasa toa visiwa. Kisiwa cha upana wa nm 5 kina eneo la nm² 19.6. Shaba kwenye tabaka la kwanza ina msongamano kati ya ule wa dhahabu (kama 14 kwa nm²) na ule wa Cu(111) yenyewe (kama 18), kwa hiyo kisiwa kimoja kina atomu 275 hadi 350. Visiwa vitatu vimekula 825 hadi 1,050. Zilizobaki kwa ajili ya minyororo ni 1,730 hadi 1,955, dhidi ya ligandi 2,140. Uwiano wa shaba kwa ligandi, tuuite r, ni 0.81 hadi 0.91.

Huu ni upolimishaji wa hatua kwa hatua wa vitu viwili vyenye mikono miwili kila kimoja, na kanuni yake inajulikana tangu kazi ya Wallace Carothers miaka ya 1930: vifungo vyote vinavyowezekana vikishaundwa, wastani wa vitengo kwa mnyororo ni (1 + r) ÷ (1 − r). Vitengo ni ligandi na metali kwa pamoja, kwa hiyo ligandi ni karibu nusu. Weka r = 0.81, unapata vitengo 9.5. Weka 0.91, unapata 21, yaani ligandi 11 hivi na nm 16. Ligandi 10 ulizohesabu zinakaa ndani ya mpaka huo, karibu na ukingo wake wa juu.

Angalia jinsi kanuni hii ilivyo kali upande wa juu. r ya 0.95 inatoa vitengo 39. r ya 0.98 inatoa 99, ambayo ni ligandi 50 na nm 77. Asilimia tano za mwanzo hazikupi kitu, asilimia mbili za mwisho zinakupa kila kitu. Kwa sababu hiyo kuweka "kama 0.02" hakuwezi kamwe kutoa minyororo mirefu kwa kurudiwa, hata mtu akiwa na bahati mara moja.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Shaba imetangulia kwenye uso mtupu wa joto la chumba, ambako atomu zinatembea kwa uhuru na kukutana zenyewe kwa zenyewe kabla ligandi haijafika. Zikishajenga kisiwa, 370 K kwa dakika 5 haikitoi chote. Geuza: ligandi kwanza, kisha shaba polepole, uso ukiwa 340 hadi 350 K, ili kila atomu inayotua ikutane na naitrojeni kabla ya kukutana na shaba mwenzake.

Kiasi kilichopungukiwa ni kidogo mno. Kama r ni 0.91, unakosa atomu 190 kwa fremu, yaani 0.0014 ya tabaka. Kivukishi kinachotoa 0.01 ya tabaka kwa dakika kingemaliza hiyo kwa sekunde 8, na kifuniko cha mkono hakiwezi kupima sekunde 8 kwa uaminifu, hasa kwa kuwa mvuke hubadilika kidogo mara kifuniko kinapofunguka. Shusha mkondo wa waya mpaka kasi iwe 0.001 hadi 0.002 ya tabaka kwa dakika. Kuipima kasi hiyo, weka shaba kwa dakika 20 juu ya dhahabu tupu ya joto la chumba, pima jumla ya eneo la visiwa kwenye fremu sita au saba zilizo mbalimbali, zikiwemo kingo za ngazi, ugawanye kwa muda. Mizani ya fuwele ya kwatsi haioni vizuri kiasi kidogo hivi, nayo ikipata joto la kivukishi huonyesha namba ya uongo.

---

Mwendo_wa_Joto

Hesabu ya Tabaka_Sifuri ni safi, lakini imesimama juu ya sharti moja ambalo halijathibitishwa: kwamba vifungo vyote vinavyowezekana vimeshaundwa. Sampuli iliyopashwa dakika 5 na kutumbukizwa kwenye 77 K haina dhamana hiyo.

Tuite p sehemu ya mikono ya shaba iliyofanikiwa kushika. Kanuni kamili ni (1 + r) ÷ (1 + r − 2rp). Weka r = 1, uwiano kamili usio na dosari, na p = 0.95. Unapata vitengo 20. Hiyo ni dalili ileile, ligandi 10 kwa mnyororo, bila upungufu wowote wa shaba. Kwa hiyo wastani wa urefu pekee haukuambii ni ugonjwa gani.

Kinachoutofautisha ni miisho ya minyororo. Kama shaba imepungua, karibu kila mwisho ni piridili isiyo na kitu, na minyororo miwili ikikaribiana mwisho kwa mwisho inakwepana pembeni, haigusani. Kama mwendo ndio uliokatizwa, utakuta aina zote mbili za miisho: mingine mitupu, mingine ikiwa imeshika shaba, mara nyingi mnyororo mmoja ukiwa umesimama nm 1 au 2 mbele ya mwingine kana kwamba ulikuwa njiani. Mwisho wenye shaba hata kama haung'ai huwa na umbo tofauti kidogo na mwisho mtupu, hasa kwenye volti hasi, kwa hiyo linganisha kwa kubadili volti kati ya −1.5 na +1.5 juu ya eneo lilelile.

Jaribio la uhakika linafanywa kwa sampuli ileile. Ipashe tena hadi 370 K kwa dakika 20 bila kuongeza kitu, uishushe kwa 1 hadi 2 K kwa dakika mpaka joto la chumba, kisha 77 K. Minyororo ikirefuka, p ndiyo iliyokuwa tatizo. Isiporefuka na visiwa viko palepale, ongeza 0.0015 ya tabaka ya shaba kwa kasi aliyoitaja mwenzangu. Ikirefuka sasa, r ndiyo iliyokuwa tatizo. Visiwa vikipungua wakati wa kupasha huku minyororo ikirefuka, zote mbili zilikuwemo, na nadhani hivyo ndivyo ilivyo hapa.

Kushusha joto polepole kuna sababu ya kimaumbile, si mazoea tu. Kifungo cha naitrojeni na shaba kina nguvu kuliko kifungo cha haidrojeni lakini bado kinafunguka na kufunga kwenye joto la kupashia, na huko kufunguka ndiko kunakorekebisha makosa. Kwa mnyororo ulio peke yake kwenye mstari mmoja, wastani wa urefu kwenye usawa wa joto hukua kama exp(E/2kT), E ikiwa nguvu ya kifungo, k kipimo cha Boltzmann na T joto. Hata E ikiwa 0.5 eV tu, kwenye 300 K thamani hiyo inakaribia 16,000. Maana yake joto lenyewe halikatazi minyororo mirefu. Kinachoizuia ni uwiano, uchafu, na kutokutana. Ukiipoza ghafla unagandisha kutokutana.

Upande wa juu usipite kiasi. Ligandi isiyoshikwa hung'oka juu ya dhahabu mapema kuliko iliyoshikwa, jambo linaloweza kukusaidia: ongeza ligandi kidogo zaidi ya hitaji, kisha pasha mpaka ziada iondoke, na uwiano unajisawazisha wenyewe. Fuatilia m/z 232 (masi ya ligandi) kwenye spektromita ya masi huku ukipandisha 5 K kwa 5 K. Kilele cha kwanza ni ziada, kikianza cha pili simama hapo. Ukiendelea, shaba inaanza kuchanganyika na dhahabu na hairudi.

---

UsoSafi

Asanteni sana. Picha zilizopo zimerudiwa kuangaliwa: miisho mingi ni mitupu na inakwepana, michache inatazamana kwa mbali. Kwa hiyo r kwa sehemu kubwa, p kwa sehemu ndogo. Vipi kuhusu chuma, na vipi uchafu wa ligandi yenyewe?

---

Kobalti27

Chuma kwa ligandi hii, hapana. Shaba juu ya uso wa metali na piridili hupenda kushika mikono miwili iliyo mkabala, na hiyo ndiyo inayotoa mstari. Chuma na kobalti vinapenda mikono mitatu au minne, kwa hiyo badala ya mnyororo utapata matawi, ngazi na wavu. Kobalti na ligandi zenye siano kila mwisho juu ya Ag(111) ni mfano unaojulikana vizuri: inashika tatu na kutoa wavu wa mfano wa sega la nyuki. Ukitaka mstari na chuma, badilisha ligandi iwe yenye mikono miwili kila upande, kwa mfano kinonidiimini, ambayo inaishika metali kwa naitrojeni mbili kutoka kila upande na kuifungia njia ya kugeuka.

Chuma, kobalti na nikeli vina tabia nyingine juu ya Au(111). Kwenye joto la chumba hutua kwenye viwiko vya mfupa wa samaki kwa mpangilio. Kwa nikeli hilo lilionyeshwa mwaka 1991. Sababu ni kwamba kwenye kiwiko kuna dosari ambapo atomu ngeni hubadilishana nafasi na atomu ya dhahabu, na hapo inakuwa mbegu ya kisiwa. Kwa hiyo metali hizo zikitangulizwa hali ni mbaya zaidi kuliko ya shaba: uso wote unakuwa na visiwa vilivyopangwa kama vishikizo, na minyororo inaota kutoka hapo ikiwa mifupi. Ligandi itangulie bila kujadili. Chuma pia kinanasa oksijeni na maji yaliyobaki chumbani, kwa hiyo choma kivukishi muda wa kutosha mpaka shinikizo lirudi chini ya 5×10⁻¹⁰ milibari kikiwa kinafanya kazi, ndipo ufungue.

Neno fupi kuhusu kaboksili kama nayo imo kwenye mpango: kemia yake inategemea uso. Asidi ya tereftaliki hupoteza haidrojeni yake juu ya shaba ikiwa karibu na joto la chumba, lakini juu ya dhahabu tupu inabaki nayo na kutoa minyororo ya vifungo vya haidrojeni yenye kujirudia kwa nm 0.96 hivi. Wanaoanza wameitangaza hiyo kuwa ya metali zaidi ya mara moja. Angalia O 1s: vilele viwili maana yake haidrojeni ipo, kimoja karibu na 531 eV maana yake imeondoka.

Kuhusu uchafu: wa hatari ni ligandi yenye piridili upande mmoja tu. Kila molekuli kama hiyo ni mwisho mmoja wa kudumu, na kila mnyororo una miisho miwili. Asilimia 10 yake inakufunga kwenye ligandi 20 kwa mnyororo, asilimia 2 kwenye 100, hata ungekuwa na uwiano na joto vilivyo kamili. Na kwa molekuli hii kuna mtego. Ndugu yake yenye fenili badala ya piridili moja ina masi 231, nayo ligandi yenyewe ikivunjika ndani ya spektromita kwa kupoteza haidrojeni hutoa 231 pia. Kwa hiyo spektromita haikutolei jibu hapo. Safisha kwa kuisublimisha kwenye mrija wenye mteremko wa joto, uhakikishe kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachotambua muundo wa molekuli) kabla ya kujaza kikombe. Kuondoa gesi kwa saa kadhaa kwenye 10 K chini ya joto la kazi kunatoa maji na kiyeyushi, hakutoi hiyo.

---

Kipimo_Pikomita

Narudi kwa swali la bromini na Cu(111), maana limeachwa.

Ligandi ya kawaida ni 4,4''-dibromo-p-terfenili. Juu ya Cu(111) kwenye joto la chumba vifungo vya kaboni na bromini hukatika, na kaboni zilizobaki wazi hushika atomu za shaba zinazotoka kwenye kingo za ngazi za fuwele yenyewe. Huhitaji kivukishi cha metali, wala hesabu yote ya uwiano iliyofanywa juu haikuhusu, kwa sababu ngazi ni ghala lisiloisha. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa. Shaba kwenye maungio haya huonekana kama nukta angavu, tofauti na ile ya piridili.

Gharama zake ni mbili. Kwanza, bromini haiondoki. Atomu mbili kwa kila molekuli zinabaki zimelala kati ya minyororo kama nukta za duara, zinaipanga safu kwa safu, na usipokuwa mwangalifu utaziita metali. Pili, ukipita joto unapoteza ulichotafuta: karibu na 470 K shaba inatoka katikati na kaboni zinaungana zenyewe kwa zenyewe. Rula inaonyesha mara moja. Yenye shaba inajirudia kwa nm 1.5 hivi, iliyoungana inajirudia kwa nm 1.29, pete tatu za nm 0.43. Kwenye XPS, C 1s ya kaboni iliyoshika shaba hukaa karibu na 283 eV, chini ya ile kuu ya 284.5, na hupotea zikiungana. Br 3d hushuka kutoka karibu na 70 eV hadi 68 bromini inapohama kutoka kwenye kaboni kwenda kwenye uso. Kama hiyo ya 70 bado ipo, kukatika hakujakamilika, na molekuli zenye bromini upande mmoja ndizo zinazofunga minyororo yako.

Rekebisha hii kwa 400 hadi 420 K, dakika 20. Kifungo cha kaboni na shaba ni kigumu kuliko cha piridili na kinahitaji muda zaidi kujirekebisha. Ukitaka kuhakikisha kwamba shaba inatoka kwenye ngazi, weka molekuli uso ukiwa wa baridi sana, kisha pandisha taratibu ukiangalia kingo za ngazi: zilizokuwa zimenyooka zinaanza kumomonyoka.

---

UsoSafi

Moja la mwisho. Baada ya kurekebisha r, minyororo ikizidi nm 40 itaanza kugonga mistari ya mfupa wa samaki. Je, inakatika hapo?

---

Mwendo_wa_Joto

Haikatiki, inapinda au inafuata. Mistari hiyo ina kimo cha nm 0.02 tu, kwa hiyo si ukuta. Lakini molekuli nyingi zinapendelea maeneo mapana ya fcc (yaliyo kati ya mistari, atomu zikiwa zimepangwa kama ndani ya fuwele), na zikiwa chache utaona minyororo ikikimbia kati ya mistari kisha kupinda mfupa wa samaki unapogeuka kwa nyuzi 120. Ungio la piridili na shaba linavumilia kupinda kidogo. Uso ukijaa, upendeleo huo unafunikwa na msukumano wa minyororo yenyewe.

Ukitaka mwelekeo mmoja kwenye uso wote, usipigane na Au(111). Tumia Au(788), ambayo imekatwa kwa mshazari ikawa na tambarare za upana wa nm 3.8 zote zikielekea upande mmoja: minyororo minne kwa kila tambarare, sambamba. Isafishe kwa ioni dhaifu zaidi kuliko Au(111), na usiishushe joto kwa haraka, maana ngazi zikijikusanya pamoja utapata tambarare pana hapa na finyu pale. Kumbuka tu kwamba kingo hizo zote zinanasa shaba, kwa hiyo kiasi cha 0.0154 hakitatosha tena. Anza na ligandi kwanza, shaba kwa 0.001 ya tabaka kwa dakika, na simama kila baada ya dakika 3 kupiga fremu, ukiwa na mkondo wa pA 20 hadi 50 na volti 1. Ukipiga kwa nA 1 na volti 0.1 sindano itakuwa karibu mno na itazikata minyororo wewe ukidhani ni shaba imepungua.